Umeme wa relei na taa za ishara kwenye reli za mfano: uchotwe wapi?

Anayejenga reli ya mfano hachelewi kukutana na ushauri unaogongana. Kuendesha treni yenyewe si kazi kubwa: nyaya mbili kutoka kwenye kidhibiti hadi kwenye reli, na injini inatembea. Utata unaanza anapotaka taa za ishara ziwake nyekundu njia inapokuwa na treni na kijani inapokuwa wazi, huku nyuma ya taa hizo kukiwa na relei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme. Hapo mmoja humwambia achote umeme kwenye reli zenyewe, kwa kuwa umeshafika kila pembe ya meza. Mwingine humwonyesha skrubu mbili za volti 16 nyuma ya transfoma, akisema ziliwekwa kwa kazi hiyo hiyo. Wa tatu humtuma dukani akanunue adapta ya volti 12. Wa nne, aliyezoea bodi ndogo za kompyuta kama Arduino, humhakikishia kwamba volti 5 zinatosha kwa kila kitu. Wote wanne wana meza zinazofanya kazi, na ndiyo maana mgeni huondoka akiwa na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Kuna swali linalotangulia la volti ambalo hawamuulizi: taa hizo zipo kwa ajili ya nini? Taa ya ishara ni habari kuhusu reli. Ikitegemea umeme wa reli yenyewe, habari hiyo itapotea saa ile ile reli inapopata hitilafu, na hiyo ndiyo saa mwendeshaji anapoihitaji. Nashikilia kwamba relei na taa za ishara zinastahili chanzo chao cha umeme mnyoofu (usiobadili mwelekeo) wa volti 12, kilichotengwa na kile kinachosukuma treni na kile kinachogeuza pointi, na kwamba hoja nyingi dhidi ya mpango huu zinahusu usumbufu wenye dawa. Hata hivyo, njia nyingine hazikuzuka bure. Kila moja ilijibu tatizo la wakati wake, na kuzielewa ndiko kunakomwezesha mtu kuchagua bila kubahatisha.

Mizigo na hesabu zake

Mabishano mengi yangeisha mapema kama watu wangeanza na hesabu. Relei ndogo ya volti 12 inayouzwa kwa wingi madukani ina koili ya omu 400 hivi, kwa hiyo hula miliampea 30 inapokuwa imevutwa. Taa ya LED hung'aa vizuri kwa miliampea 10, na za siku hizi huhitaji hata chini ya hapo. LED nyekundu huchukua takriban volti 2. Zinazobaki 10 zinamezwa na rezista, nayo kwa mkondo huo ni ya omu 1,000. Chukua meza ya wastani yenye ishara 12 za rangi tatu, kila moja ikiwasha taa moja kwa wakati mmoja, pamoja na relei 20 zote zikiwa zimevutwa: taa miliampea 120, relei miliampea 600, jumla miliampea 720. Adapta ya ampea 2 inaubeba mzigo huo bila kutoa jasho. Mwenye balbu za zamani za nyuzi atahesabu tofauti, kwa sababu balbu moja ndogo hula miliampea 50 au zaidi, na inapowashwa ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko huo kwa kitambo kifupi.

Mzigo usiofanana kabisa na hizi ni mashine za kugeuza pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Zile za koili mbili, mfano wa PL-10 ya Peco, huvuta ampea 3 na zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mashine za mota ya polepole kama Tortoise ya Circuitron hula takriban miliampea 16 tu hata zikiwa zimefika mwisho na kubanwa. Tofauti hii ina uzito kuliko jumla ya ampea. Relei na taa huomba kidogo na kwa utulivu, lakini pointi ya koili huomba kingi kwa ghafla. Ukizifunga kwenye chanzo kimoja, volti zitashuka kila pointi inapopigwa, na relei iliyokuwa imeshika itaachia. Mwenye meza ataona taa ya kijani ikigeuka nyekundu bila treni kupita, ataanza kulaumu relei, atazibadilisha, na mpya nazo zitafanya vivyo hivyo.

Kuchota kwenye reli

Kwa meza za mtindo wa zamani, ambamo kasi ya treni hutawaliwa kwa kupandisha na kushusha volti kati ya 0 na 12, hoja ya kuchota umeme kwenye reli hujifia yenyewe: treni ikisimama taa zinazimika, ikirudi nyuma mkondo unageuka. Hoja hiyo ilipata uhai mpya mfumo wa kidijitali wa DCC ulipoenea. Mfumo huo ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano, NMRA, kiliufanya kuwa kiwango cha pamoja. Chini ya DCC reli huwa na volti kamili muda wote, takriban 14 hadi 16 kwa treni za kipimo cha HO, na amri husafiri ndani ya umeme huo huo kwa kugeuza mwelekeo wake maelfu ya mara kwa sekunde. Dekoda ya ishara, yaani kifaa kinachosoma amri hizo, ikifungwa kwenye reli hupata amri na chakula kupitia nyaya mbili tu. Kwa meza ndogo ya chumbani, au kwa vipande vya meza vinavyofungwa na kufunguliwa kwa ajili ya maonyesho, wepesi huo ni faida ya kweli na haupaswi kubezwa.

Gharama yake huonekana shoti inapotokea. Treni ikiingia kwenye pointi iliyogeuzwa upande usio wake, magurudumu huunganisha reli zisizopaswa kuunganishwa, na kikuza umeme kinacholisha reli hukata mara moja ili kujilinda. Pamoja na reli, dekoda zote zinazokula kutoka kwake hufa. Ishara zinazimika, na pointi ambayo ingegeuzwa kuondoa shoti haigeuki, kwa kuwa nayo inasubiri umeme uliokatwa na shoti hiyo hiyo. Mwendeshaji hubaki kusogeza injini kwa mkono. Kuna hasara ya pili pia. Vikuza umeme vya nyumbani kwa kawaida hutoa ampea 3 hadi 5, na zile miliampea 720 tulizozihesabu ni nafasi ya injini moja au zaidi. Umeme wa DCC ni wa gharama kuliko wowote mwingine mezani, kwa sababu ndio uliobeba amri, na kuutumia kuwasha taa ni kuupoteza.

Watetezi wa njia hii hujibu kwamba meza inaweza kugawanywa, kikuza kimoja kwa reli na kingine kwa vifaa. Jibu ni sahihi. Lakini anayefanya hivyo ameshakubali kwamba ishara zinahitaji chanzo chake, na kinachobaki kujadiliwa ni aina ya chanzo hicho.

Volti 16 za transfoma

Skrubu za volti 16 zina historia ndefu. Kampuni kongwe kama Märklin ya Ujerumani na Lionel ya Marekani zilijenga treni zao juu ya umeme geu, ule unaobadili mwelekeo kama wa kwenye soketi ya ukutani, ukiwa umeshushwa na transfoma. Balbu haijali mwelekeo wa mkondo, na koili za pointi zilitengenezwa kwa ajili ya umeme huo. Kwa meza yenye balbu na pointi za koili pekee, transfoma ya aina hii hudumu miongo mingi, na hakuna sababu ya kuiondoa.

Kazi ikihamia kwenye relei na LED, mambo hubadilika. Relei ya umeme mnyoofu ikilishwa umeme geu hutetemeka na kunguruma, kwa sababu sumaku yake hupoteza nguvu mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. LED huwaka nusu ya muda tu, na katika nusu nyingine hupokea volti za kinyume zinazozidi kiwango chake, kwa kawaida volti 5 hivi, isipolindwa kwa dayodi. Mtu hununua daraja la dayodi na kapasita, anaunyoosha umeme, na kudhani amemaliza. Wasichokijua wengi ni kwamba volti 16 zilizoandikwa kwenye transfoma ni wastani wa aina maalumu (RMS). Kilele chake ni 22.6, na kapasita hukishika kilele hicho. Baada ya dayodi kuchukua sehemu yake hubaki takriban volti 21. Joto la koili hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo relei ya volti 12 iliyopewa 21 hupata joto mara tatu ya ilivyokusudiwa, kutoka wati 0.36 hadi zaidi ya wati 1.1. Haifi siku hiyo. Huendelea kufanya kazi ikichemka ndani ya boksi chini ya meza, kisha huharibika baada ya miezi, wakati aliyeifunga ameshasahau sababu.

Kushusha volti 21 hadi 12 kwa kidhibiti cha kawaida cha 7812 kunawezekana, ila tofauti ya volti 9 kwa miliampea 700 ni wati 6.3 za joto, na hilo linahitaji bamba la kupozea. Vipande vya kisasa vya kushusha volti hupoteza kidogo sana. Kwa mwenye transfoma nzuri tayari, njia hii inakubalika, mradi akate shauri mapema kwamba pointi za koili hazitakula mahali pale pale.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Vifaa vya treni za mfano hufika kwetu mara nyingi kwa mkono wa ndugu aliye ng'ambo. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani ikichomekwa kwenye soketi yetu ya 230 au 240 itatoa karibu maradufu ya volti zake kwa muda mfupi itakaovumilia kabla ya kuungua. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka, kila mara.

Volti 5 za bodi

Hoja ya volti 5 ina mvuto kwa anayeongoza ishara kwa programu: bodi inatumia 5, moduli za relei za rangi ya samawati zimeandikwa 5, basi kila kitu kiwe 5. Hesabu inasema vingine. Koili ya relei ya volti 5 ina omu 70 hivi na hula takriban miliampea 70, zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa volti 12, kwa kuwa kazi ya sumaku ni ile ile. Relei 8 ni miliampea 560. Bodi ikilishwa volti 12 na kuzishusha yenyewe hadi 5, kidhibiti chake kidogo kitalazimika kutupa karibu wati 4 za joto, na hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Bodi itajizima na kujiwasha, na ishara zitacheza. Volti 5 zibaki kwa bodi na vihisi vyake. Moduli nyingi za relei zina kiunganishi kidogo kinachoruhusu koili kulishwa mahali tofauti na bodi, na moduli za koili ya volti 12 zinapatikana kwa bei isiyotofautiana sana. Anayeziendesha relei moja kwa moja kwa kipande cha ULN2003 akumbuke kuunganisha mguu wake wa pamoja kwenye volti 12, la sivyo dayodi zilizomo ndani hazitafanya kazi.

Dayodi hizo zinastahili neno zaidi, kwa sababu kuziacha huleta hitilafu ambazo watu hukilaumu chanzo cha umeme kwa ajili yake. Koili inapokatwa ghafla, nishati iliyohifadhiwa kwenye sumaku hutafuta njia ya kutokea na kuzaa mruko wa volti unaoweza kufika mamia. Mruko huo huchoma transista, hula kontakti za swichi, na kuivuruga bodi. Dayodi moja ya 1N4007, ikifungwa kinyume sambamba na koili, huumaliza. Huichelewesha relei kuachia kwa milisekunde chache, muda ambao jicho linalotazama taa haliwezi kuutambua.

Volti 12 za peke yake

Kilichobaki ni adapta ya volti 12 ya umeme mnyoofu uliodhibitiwa, inayohudumia relei na taa tu. Faida yake ya kwanza ni kwamba relei, taa, mota za polepole na bodi nyingi vyote hukutana kwenye volti hizo. Ya pili ni upatikanaji: adapta za kamera za ulinzi za volti 12 na ampea 2 zimejaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, na nyingi hupokea chochote kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo umeme wa mtaani ukipanda na kushuka taa za mezani hazitikisiki. Ya tatu ndiyo nzito: shoti ya reli haigusi ishara. Treni zikisimama, taa zinaendelea kueleza kila moja ilikosimama na ni pointi ipi iliyo upande usiofaa.

Wanaopinga husema adapta nyingi ni fujo ya plagi, na kwamba mtu atasahau kuwasha mojawapo. Soketi ya pamoja yenye swichi moja inatosha kuondoa hilo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba adapta hazifanani. Zile nzito za zamani zisizodhibitiwa, ingawa zimeandikwa 12, hutoa 16 au 17 zikiwa na mzigo mwepesi, na kwa volti 17 koili hupata joto maradufu. Kipimo cha volti kinajibu swali hilo kwa nusu dakika, nacho ni kifaa ambacho hakuna mjenzi wa meza anayepaswa kukikosa.

Kosa la upande wa pili ni kununua kikubwa kupita kiasi. Mtu huona sanduku la taa za ukanda la volti 12 na ampea 30, bei si mbaya, akaona amejihakikishia miaka mingi. Ampea 30 kwa volti 12 ni wati 360. Waya mwembamba wa taa ukigusana na mwenzake, sanduku hilo halitaona tatizo lolote, litaendelea kusukuma hadi waya uwe mwekundu chini ya mbao na povu. Adapta ndogo hujikata yenyewe. Mwenye sanduku kubwa aweke fyuzi ya ampea 1 kwenye kila tawi, na sehemu zake za umeme wa ukutani zifunikwe na fundi anayejua kazi.

Waya wa kurudishia

Chanzo kizuri huharibiwa na nyaya mbaya, na hapa kuna mgogoro wa zamani: je, vifaa vyote vishiriki waya mmoja wa kurudishia? Unaokoa nusu ya nyaya, na kwa meza yenye mamia ya taa akiba hiyo inaonekana. Lakini kila waya una ukinzani. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.22 wenye urefu wa mita 5 una karibu omu 0.4. Pointi ya koili ikipitisha ampea 3 humo, ncha ya mbali ya waya hupanda zaidi ya volti 1 juu ya sifuri, na kihisi kinachotumia ncha hiyo kama sifuri yake kitasoma uongo. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa urefu huo hupunguza kosa hadi chini ya volti 0.2. Kwa hiyo kushiriki kunaruhusiwa kati ya vifaa vitulivu, kwa waya mnene, na pointi za koili zipewe njia yake pamoja na kapasita ya akiba inayojaa taratibu na kumwaga kwa mkupuo. Umeme wa DCC usiingizwe kwenye waya huo kabisa. Relei ina fadhila moja hapa: koili na kontakti zake havigusani kiumeme, kwa hiyo inaweza kupokea amri upande mmoja na kuwasha taa upande mwingine bila kuunganisha sifuri mbili.

Umeme ukikatika, ishara iseme nini?

Reli za kweli zilijibu swali hili mapema. Saketi ya reli ya William Robinson ya mwaka 1872 iliweka betri mwisho mmoja wa kipande cha reli na relei mwisho wa pili. Njia ikiwa tupu, mkondo ulipita na relei ilishika. Treni ikiingia, magurudumu yaliuchepusha mkondo na relei ikaachia, ishara ikageuka hatari. Betri ikifa au waya ukikatika, matokeo yalikuwa yale yale: hatari. Vituo vya simu, ambavyo relei zake zilikuja kuwa hazina kwa wajenzi wa meza, navyo viliendeshwa kwa betri zao za volti 48. Klabu ya treni za mfano ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa 1946, ilijenga mfumo mzima wa kuongoza treni kwa relei za simu, na kikundi chake cha ufundi kilibeba jina la ishara na umeme kwa pamoja. Waliojua relei hawakutenganisha ishara na swali la umeme wake.

Kwa mezani, kanuni hiyo inamaanisha relei ifungwe ili koili iliyovutwa iwe kijani na iliyoachia iwe nyekundu. Wengi hufunga kinyume kwa sababu njia huwa wazi muda mwingi na koili hubaki baridi. Miliampea 30 ni bei ndogo kwa ishara isiyodanganya. Kwa sababu hiyo pia relei zinazokumbuka hali yake bila umeme, ingawa zinafaa kwa pointi, hazifai kwa ishara: zinaweza kuamka zikisema kijani mbele ya treni iliyoegeshwa jana.

Pingamizi la mwisho linatoka hapo hapo. Chanzo cha volti 12 kikifa, taa zote huzimika na nyekundu pia haipo, wakati treni, zenye chanzo chake, zinaendelea kukimbia. Ni kweli, na huu ndio udhaifu halisi wa kutenganisha. Katika kanuni za reli nyingi dereva anayekuta ishara imezimika huihesabu kama inayomzuia, ila injini ya mezani haina dereva wa kuliona giza. Dawa ni relei moja zaidi: koili yake ile volti 12 za ishara, na kontakti zake, zinazohimili ampea 10 kwa zile za kawaida, zipitishe umeme unaokwenda kwenye reli baada ya kidhibiti au kikuza, kamwe si ule wa ukutani. Ishara zikikosa umeme, relei inaachia na treni zinasimama. Meza ikiwashwa, ishara hutangulia kuwaka ndipo reli ipate uhai. Kwa miliampea 30 za ziada, treni haziwezi kutembea pasipo ishara, na ishara hazizimwi na shoti ya treni.